Taa za Nyuma za Motokaa: Jinsi ya Kuzitunza na Kuzibadili

Katika taa zote za motokaa, taa ya nyuma ndiyo ambayo dereva hapati kuiona akiwa kazini. Taa za mbele zikizimika hujua mara moja, maana giza humkabili usoni. Bali ya nyuma yaweza kuwa imekufa tangu mwezi uliopita, naye akaendelea na safari zake za usiku asijue kwamba amekuwa mtego kwa wenzake. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kueleza habari za taa hii kwa urefu kidogo, maana kuitengeneza si kazi ngumu, na kwa kawaida haihitaji fundi wa mjini.

Kwanza na tuitazame hatari yenyewe. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Hata breki zikiwa nzima na barabara ikiwa kavu, tangu dereva aone jambo hata gari lisimame kabisa zahitajiwa mita zipatazo 53. Naye anayekwenda na taa za mbele zilizoinamishwa, ili asimpofushe anayekuja, haoni mbele kupita kiasi hicho kwa mbali. Basi lori lililosimama gizani bila taa ya nyuma, nalo limejaa vumbi hata rangi yake imekuwa sawa na rangi ya barabara, huonekana wakati ambapo kulikwepa ni bahati tu.

Watu wengi hudhani ya kuwa taa moja ikibaki inatosha. Sivyo. Katika Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita upande wa kushoto. Ikiwa taa ya kulia imekufa na ya kushoto yawaka, mtu ajaye nyuma huona nuru moja nyekundu ukingoni mwa barabara, naye hudhani ni pikipiki. Huhama kidogo tu ili aipite, kumbe pembe ya kulia ya lori iko palepale anapotaka kupita. Kwa hiyo taa ya kulia isiachwe hata usiku mmoja.

Namna ya kuzikagua ni nyepesi. Washa taa kabla ya jua kuchwa, ushuke, uzunguke nyuma ya gari. Taa za breki zataka mtu wa pili akanyage pedali. Kama uko peke yako, lirudishe gari karibu na ukuta mweupe uitazame nuru yake kwa kioo cha kutazamia nyuma, au ukaze pedali kwa kijiti kilichoegemezwa kwenye kiti. Itazame pia taa ndogo inayomulika namba ya gari, maana hiyo husahauliwa kuliko zote. Kisha osha vioo vya taa kwa maji na sabuni. Usitumie petroli wala mchanga, kwani vioo vya siku hizi si kioo hasa bali ni plastiki, na petroli huviharibu. Katika barabara zetu za udongo mwekundu, safari ya siku moja yatosha kuifunika taa nzima kabisa isionekane.

Ukiona taa haiwaki, zima swichi, ungoje ipoe, ndipo uifungue. Katika magari mengi ya zamani kioo chekundu kimeshikwa na skurubu mbili au zaidi nje. Katika mengi ya siku hizi mlango wa kuifikia globu uko ndani, nyuma ya kifuniko cha buti. Ikamate globu kwa kitambaa, uisukume ndani kidogo, uizungushe kushoto, nayo itatoka. Globu iliyo ya kawaida sana ina nyuzi mbili ndani yake: mmoja wa wati 5 kwa taa ya usiku, na mmoja wa wati 21 kwa breki. Ndiyo sababu taa ileile moja huzidi kung'aa breki ikikanyagwa. Itazame juani: uzi uliokatika huonekana wazi, na mara nyingi kioo chake kimeingia weusi kama moshi. (Mwalimu asiitupe globu hiyo. Yafaa sana darasani kwa kuwaonyesha watoto njia ya umeme na mahali ilipokatika.)

Globu mpya na iwe ya namna ileile. Ubavuni ina vijiti viwili vya kuishikia, na katika globu ya nyuzi mbili kimoja kimewekwa juu kuliko cha pili, ili isiweze kuingia kinyume. Basi ikikataa kuingia, usitumie nguvu, igeuze. Tena soma maandiko yaliyo kitakoni: motokaa ndogo hutumia umeme wa volti 12, bali malori makubwa na mabasi mengi hutumia volti 24. Globu ya 12 ikitiwa katika lori la 24 huungua papo hapo. Nayo ya 24 ikitiwa katika motokaa ndogo huwaka kama kaa linalotaka kuzimika, na mwenye gari huridhika kwa kuwa ameiona ikiwaka.

Pengine globu ni nzima na taa haiwaki. Hapo yapasa kufikiri kabla ya kununua kitu. Upande mmoja ukiwa umekufa, tafuta ubaya katika upande huohuo: globu, kikombe kinachoishika, au waya wake. Taa zote mbili za breki zikifa pamoja, si kawaida globu mbili kuungua siku moja. Tazama fyuzi, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Fyuzi ikiwa imeungua, tia nyingine yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake. Wako madereva watiao kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Taa itawaka kweli, lakini siku nyaya zikigusana hakuna kitu cha kuukata umeme, na gari zima laweza kuteketea.

Mwandishi wa maneno haya alipata kuhangaika nusu siku kwa ajili ya taa ya gari moja la mizigo. Kila breki ilipokanyagwa, taa ya kuonyesha upande ndiyo iliyowaka kwa unyonge, na ya breki ikabaki kiza. Globu tatu zilibadilishwa bure. Mwisho ikaonekana kwamba skurubu moja, iliyokaza waya mweusi kwenye bati la gari, ilikuwa imeliwa na kutu. Umeme hutaka njia ya kwenda na njia ya kurudi, na bati la gari ndilo njia ya kurudi. Njia hiyo ikizibwa, umeme hujitafutia nyingine kwa kupitia taa ya jirani. Bati lilikwanguliwa kwa msasa hata likang'aa, skurubu ikakazwa, na taa zote zikarudia kazi zake. Kutu hii huletwa na maji yaingiayo palipo na ufa, au mpira wa kuziba ukiwa umekauka. Wakati wa mvua tazama ndani ya taa; ukiona matone, ikaushe na kuuweka mpira mpya.

Kioo chekundu kilichovunjika kisiachwe hivyo. Nuru nyeupe ikitokea nyuma ya gari, anayefuata hudhani gari lile laja kumkabili. Rangi ya kupaka juu ya globu si dawa, maana hubanduka kwa joto.

Magari mapya mengi yana taa za LED. Hizi hudumu miaka mingi na hutumia umeme kidogo, lakini zikifa mara nyingi hapana budi kubadili taa nzima, kwa gharama kubwa. Wengine hutia globu za LED katika vikombe vya globu za nyuzi. Ikiwa ni taa ya kuonyesha upande huenda ikaanza kupepesa haraka mno, kwa kuwa gari hudhani globu imeungua.

Yabaki habari ya matela ya matrekta, ambayo wakati wa mavuno huonekana barabarani usiku bila taa yo yote. Waya wa tela huungwa kwa plagi nyuma ya trekta, na plagi hiyo hujaa matope. Isuguliwe na kufunikwa kila siku. Mahali pasipo na waya, vibao vyekundu vya kurudisha nuru vigongomewe pembe zote mbili za nyuma.

Na gari likiharibika njiani, lisogezwe nje ya barabara, na pembetatu nyekundu iwekwe nyuma yake, hatua 50 au zaidi. Matawi ya miti tuliyozoea kuyatandika barabarani husaidia mchana, lakini usiku hayarudishi nuru. Nayo mawe ya kuzuia magurudumu yaondolewe gari liondokapo, maana mengi huachwa palepale katikati ya njia, nayo hayana taa ya nyuma wala ya mbele.