Mkufunzi, Mwache Apime Mwenyewe

Wahamasishaji wa afya ya jamii hupima watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wa rangi, unaozungushwa kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali: mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja.

Utepe ukilegea, mkono huonekana mnene na mtoto mgonjwa huachwa nyumbani. Ndiyo maana maelezo ya ukumbini pekee hayatoshi. Mkufunzi afuate hatua nne:

1. Pima kimya, watazame.
2. Pima tena ukieleza.
3. Anayefunzwa aeleze, nawe upime.
4. Apime mwenyewe akieleza.

Hapa Garissa, anayejieleza vyema kwa Kisomali aachwe atumie Kisomali. Kinachokaguliwa ni ujuzi wake.