Nilivyobeba Ndoo Kariakoo Kwenda Kununua Pampu

Kijana wa dukani aliniuliza kama ile ndoo nimeileta kuuza. Ilikuwa ndoo ya rangi ya lita 20, ndani mpira wa mita nne umeviringishwa, na futi kamba juu yake. Nikamwambia, "Hapana, kaka, nimekuja kununua pampu." Akamwita mwenzake aje aone kituko.

Acha wacheke. Hiyo ilikuwa pampu yangu ya tatu ndani ya mwaka mmoja.

Tangi langu la maji chumvi lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, yaani lita 300. Chini yake ipo sampu. Maji yanashuka yenyewe, yanapita kwenye chujio na skima, pampu inayarudisha juu. Hayo unayajua.

Pampu ya kwanza niliinunua kwa kusoma boksi: lita 3,000 kwa saa. Mara kumi ya tangi! Nikajiona mjanja. Wiki ya pili juu ya maji ukatanda utando kama mchuzi uliopoa, na skima ikawa inatoa povu la huruma. Nilipompigia muuzaji, akasema shida ni maji yangu ya Kigamboni. Maji ninayochota mwenyewe, bahari imejaa, tena siku za bamvua, nikayachuja mara mbili kwa kitambaa! Sijamsamehe mpaka leo.

Ile lita 3,000 ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Pembeni ya boksi, kwa herufi za kusomea na miwani, waliandika H-max mita 2: ukifika kimo hicho halitoki hata tone. Mimi kutoka usawa wa maji ya sampu mpaka mdomo wa bomba juu ni mita moja na nusu, na njiani fundi wangu kaweka elbo tatu, kila moja inakula nguvu yake. Nilipokinga ndoo, ilichukua dakika mbili kamili kujaa. Lita 600 kwa saa.

Kwa hasira nikanunua jitu la lita 10,000, wati 85. Bomba la kushushia likazidiwa, nikalazimika kuikaba pampu kwa koki usiku na mchana, umeme nalipia wote. Na pampu iliyozama huacha joto lake humo humo majini. Februari kipimajoto kikasoma nyuzi 30. Halafu umeme ukakatika saa nane usiku. Mdomo wa bomba langu ulikuwa sentimita sita chini ya uso wa maji, nao ukaanza kuyavuta kurudi sampuni. Kwenye tangi langu kila sentimita moja ni lita sita, kwa hiyo lita 36, na sampu ilikuwa na nafasi ya 20. Zilizobaki zilinywewa na mkeka wa mke wangu. Hapo jitu halina kosa, kosa ni langu: toboa tundu la milimita tano kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, likinyonya hewa mvuto unakatika. Lisafishe kila wiki, konokono wanalipenda.

Basi, hatua za kuchagua pampu ni hizi: mzunguko wa mara tatu mpaka tano ya tangi kwa saa unatosha, shafti iwe ya kauri, na ndoo.

Ndoo ndiyo yenyewe. Dukani wana pipa la maji. Unatumbukiza pampu, unavalisha mpira, unapima kwa futi kamba mpaka kimo cha nyumbani kwako, unahesabu sekunde za kujaza lita 20. Gawa 72,000 kwa hizo sekunde, umepata lita kwa saa. Yule kijana akapitisha mpira juu ya shelfu, akaushusha kwenye ndoo iliyokaa sakafuni. Sekunde 31! Akanitazama kama aliyeshinda kesi. Nikamwambia hapana, huo ni uongo: maji yanayoshuka upande wa pili yanavuta yale yanayopanda, pampu inasaidiwa kazi. Ndoo ipande juu ya shelfu, na mdomo wa mpira umwage ukiwa kwenye kimo kile kile, mita moja na nusu.

Akapanda kwenye stuli, ndoo mikononi, analalamika. Ile ile pampu, boksi linasema 3,500: sekunde 55. Lita 1,309. Mara nne na kidogo ya tangi langu. Ya pili, ya bei ghali zaidi na boksi la kung'aa, ilifika sekunde 90 nikamwambia zima. Ningekuwa na mfuko, ningechukua Eheim ya Ujerumani au Sicce ya Italia nilale. Lakini sikuwa nao, na ndoo haijali jina.

Nilichukua ile ya sekunde 55. Elbo tatu nazo nimezing'oa, nikaweka mpira unaopinda taratibu.

Wakati nalipa, kijana akaomba ndoo na ule mpira vibaki dukani, "kwa ajili ya wateja, mzee." Nikabeba vyangu.