Mizani Haishushi Mzigo: Kwa Nini Sheria Ilitangulia Imani?

Waliopitia darasa la kipaimara kwa Walutheri wanakumbuka utaratibu wake. Kwanza unakariri Amri Kumi. Ukizimaliza unaingia Imani ya Mitume, kisha Sala ya Bwana, ndipo mnafika kwenye ubatizo na Meza ya Bwana. Mpangilio huo haukubuniwa na mwalimu wa pale usharikani. Ni wa Martin Luther mwenyewe, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Na hapo ndipo penye kitendawili. Mtu aliyesimama mbele ya wakubwa wa Ulaya akisema mwanadamu huokolewa kwa imani, si kwa matendo, ndiye huyo huyo anayeanza kumfundisha mtoto kwa sheria. Kwa nini?

Wanachuo wengi tunajibu haraka haraka kwa namna mbili. Wa kwanza husema: Mungu alijaribu sheria, watu wakashindwa, basi akabadili mpango akaleta neema. Wa pili husema: sheria ni kiingilio, timiza kwanza ndipo upokelewe. Majibu yote mawili yanasikika kwenye vikundi vyetu vya maombi, na yote mawili hayasimami ukiyapima kwa Biblia yenyewe.

Tuanze na mpangilio wa matukio. Paulo, akiwaandikia Wagalatia katika sura ya 3, anakumbusha kwamba Abrahamu alipewa ahadi na akahesabiwa haki kwa kuamini. Torati, kwa hesabu yake, ilikuja miaka 430 baadaye. Kwa hiyo tukisema sheria ilitangulia, lazima tuulize: ilitangulia nini? Ilitangulia kuja kwa Kristo, ndiyo. Lakini haikuitangulia ahadi. Hata kitabu cha Kutoka kinakwenda hivyo hivyo. Waisraeli wanatolewa Misri na kuvuka bahari katika sura ya 14, na Amri Kumi zinakuja sura ya 20. Walikombolewa kwanza, wakapewa sheria baadaye. Hakuna aliyeulizwa kule Misri kama ametunza Sabato ndipo aruhusiwe kuondoka.

Sasa kama ahadi ilikuwepo tayari, sheria iliingia kufanya kazi gani? Twende barabarani kwetu. Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma, kabla hujafika mpakani unakuta mizani ya Mpemba. Malori yote yanapanda pale. Kikomo cha juu kabisa, gari pamoja na mzigo wake, ni tani 56. Dereva anaweza kuapa kwamba mzigo wake uko sawa, na pengine anaamini kabisa anachosema. Akipanda pale juu, namba inasema. Lakini jamani, mizani haijawahi kushusha hata gunia moja. Inaonyesha uzito, basi. Na dereva aliyezidisha hawezi kusaidiwa kwa kupimwa mara ya pili au ya tatu.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya sheria kwa mujibu wa Paulo. Katika Warumi 3 anasema sheria huleta kuitambua dhambi. Katika sura ya 7 anachagua mfano wa tamaa: asingejua kwamba kutamani ni dhambi kama amri isingemwambia. Angalia kwamba hakuchagua wizi wala uuaji. Mtu anaweza kumaliza miaka mitatu ya chuo bila kuiba kitu cha mwenzake, lakini nani amemaliza hata wiki moja bila kutamani simu, matokeo au mpenzi wa mwenzake? Amri ya mwisho inaingia mpaka ndani, mahali ambapo nidhamu ya kawaida haifiki.

Luther aliliweka jambo hili kwa lugha ya hospitali. Katika andiko lake la mwaka 1520 alieleza kwamba mgonjwa anahitaji mambo matatu kwa mfuatano: ajue ugonjwa wake, ajue dawa iko wapi, kisha ajue namna ya kuipata. Amri zinataja ugonjwa, Imani inaonyesha dawa, Sala inafundisha kuiomba. Asiyejijua kuwa mgonjwa hapangi foleni dirisha la dawa. Hii ndiyo sababu ya msingi ya sheria kutangulia: bila yake, neema inabaki neno tamu lisilo na kazi.

Kazi ya pili ni ya kusindikiza. Paulo anaiita sheria paidagogos, neno la Kigiriki lililomtaja mtumwa wa nyumbani aliyemlinda mtoto na kumpeleka kwa mwalimu. Huyo hakuwa mwalimu wenyewe. Alimshika mkono, akamkemea njiani, akamfikisha. Mtoto akikua, hashikwi mkono tena. Lakini hakuna anayesema yule msindikizaji alikuwa kosa, au kwamba baba alibadili mpango.

Hapa Songwe swali hili lina historia yake. Wamoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 wakafungua misheni ya Mbozi, katikati ya Wanyiha. Mmisionari wa pale, Traugott Bachmann, alisimulia baadaye katika kumbukumbu zake jinsi alivyoanza kwa kupiga vita mila za wenyeji, na jinsi miaka ya kuishi nao ilivyomfanya aziheshimu. Swali lililozikabili misheni za nyanda hizi lilikuwa gumu: mtu anayetaka ubatizo aache nini kwanza? Ngoma? Pombe ya sherehe? Na mwenye wake wawili, amfukuze yupi, na watoto wa huyo waende wapi?

Ukilitazama vizuri, ni swali la Wagalatia. Kule liliulizwa kuhusu tohara, na wazee wa Yerusalemu wakakutana kulijadili mnamo mwaka 49 (Matendo 15). Wakaamua kwamba watu wa mataifa wasitwishwe tohara. Waliwaomba tu wajiepushe na mambo machache, kama vyakula vya sanamu na uasherati. Hatari waliyoiona ni ile ile iliyokuwepo Mbozi: sheria inayotakiwa kumwonyesha mtu uhitaji wake inageuzwa kuwa geti. Na mara nyingi geti hilo linajengwa kwa mila za aliyeleta ujumbe, si kwa Torati.

Tuwe waungwana pia kwa Wayahudi. Tunapenda kusema wao walitafuta wokovu kwa matendo. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, E. P. Sanders, alitoa kitabu kilichotikisa usomaji huo. Alionyesha kwamba kwa Wayahudi wa wakati wa Paulo, agano lilikuwa zawadi ya Mungu, na kutunza Torati kulikuwa namna ya kubaki ndani ya agano. Wataalamu bado wanabishana naye, lakini baada yake ni vigumu kuwasema Wayahudi kijuujuu.

Je, baada ya imani kuja, sheria inatupwa? Paulo aliliuliza swali hilo, na katika Warumi 3 alikataa kabisa. Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563, inayotumiwa na makanisa ya Kireformati, inasaidia hapa. Inaanza na taabu ya mwanadamu, inafuata na wokovu, na Amri Kumi inaziweka sehemu ya tatu, chini ya shukrani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 nayo inaanza na Imani, amri zinakuja baadaye. Maneno ya amri ni yale yale. Zikitangulia, zinapima. Zikifuata, zinaongoza. Hakuna mahali zinapookoa.

Jambo hili si la darasani tu. Kuna mwenzetu ameacha ibada kwa sababu aliambiwa suruali yake inamnyima mbingu. Kuna mwingine anaingia na majibu kwenye chumba cha mtihani, akikamatwa anasema yuko chini ya neema. Wa kwanza amewekwa juu ya mizani, akaachwa hapo hapo na mzigo wake. Wa pili ameikwepa mizani kwa njia ya panya, na mzigo bado uko juu ya gari.

Maswali ya kujadiliana

1. Soma Kutoka 20:1–3. Kabla ya kutoa amri, Mungu anajitambulishaje? Hilo linasema nini kuhusu mpangilio wa ukombozi na sheria?

2. Katika kikundi chenu, kanuni ipi inatumika kama geti? Imetoka katika maandiko, au katika mila ya waliotuletea?

3. Ungepewa darasa la kipaimara, ungeanza na Amri Kumi kama Luther, au na Imani? Toa sababu.