Kuwatambua Bungua wa Mikahawa

Katika miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, mikahawa ya arabika hupandwa pamoja na migomba. Miongoni mwa maadui wake ni bungua, yaani mbawakawa wanaotoboa miti. Mkulima anayesubiri majani yageuke manjano huwa amechelewa, kwani uharibifu huanza zamani ndani ya shina. Inafaa azijue alama zifuatazo:

1. Bungua mweupe. Huyu ndiye mharibifu mkubwa. Mdudu mzima ana urefu wa sentimita 3 hivi, mabawa yenye weupe na vipapasio virefu. Jike hutaga mayai katika gome la chini ya shina. Buu hula chini ya gome akilizunguka shina kama pete, kisha huingia ndani ya mti. Huweza kukaa humo zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Alama yake ni unga wa mbao kwenye kitako cha shina. Mti mchanga hufa. Mkubwa hudhoofu na mavuno hupungua.

2. Bungua mwenye kichwa cha manjano. Buu wake huanzia ncha ya tawi akishuka kuelekea shinani. Huacha mstari wa matundu madogo mfano wa matundu ya zumari, na ncha ya tawi hunyauka.

3. Bungua mweusi. Huyu hutoboa akiwa mdudu mzima. Huacha tundu moja la mviringo, safi, linalopanda juu ndani ya shina.

Mchwa wasichanganywe na hao: wao huacha udongo, si unga wa mbao.

Wakulima wanashauriwa:

(a) Kukagua vitako vya mashina mara kwa mara, hasa misimu ya mvua, mbawakawa wanapotoka kutaga.
(b) Kulainisha gome la chini ya shina bila kulijeruhi, ili jike akose mwanya wa kutagia.
(c) Kupitisha waya tunduni na kumuua mdudu.
(d) Kukata tawi lililoshambuliwa chini ya tundu la mwisho na kulichoma.
(e) Kung'oa na kuchoma mti usiotibika. Ukiachwa shambani, mabuu waliomo watakomaa na kuhamia miti ya jirani.

Kwa msaada zaidi, mkulima amwone bwana shamba au bibi shamba wa eneo lake.