Kabla ya Kuagiza Bulpapu ya Kichina: Futi, Faili na Subira

Bulpapu ni bunduki ambayo magazini yake imekaa nyuma ya triga, karibu na bega la mpigaji. Kwa mpangilio huo mtutu hubaki mrefu ilhali bunduki nzima ni fupi. Dunia iliiona bulpapu ya China, QBZ-95, mwaka 1997, wanajeshi wa nchi hiyo walipoingia Hong Kong baada ya Uingereza kuukabidhi mji. Ya jeshi hula risasi ya 5.8×42. Kwa wateja wa nje, kampuni ya serikali ya Norinco ikatengeneza Type 97, ambayo hula risasi ya 5.56×45 na hupokea magazini za mtindo wa NATO. Toleo lake la nusu otomatiki, linalotoa risasi moja kila triga inapovutwa, liliuzwa kwa raia nchini Kanada. Kwa hiyo Kanada ndiyo darasa zuri la somo hili.

Mpigaji shabaha anayeipenda bunduki hii huanza na picha, kisha bei, kisha hutuma malipo ya awali. Sheria huanza kwingine kabisa. Inauliza milimita, inauliza bunduki inaweza kugeuzwa kuwa nini, inauliza imetoka nchi gani, halafu inataka karatasi. Fuata mpangilio wa sheria, na uiache pochi mfukoni mpaka hatua ya mwisho.

1. Anza na nchi unayoishi

Hatua hii huchukua jioni moja, na wengi wataishia hapa.

Marekani mlango umefungwa. Tangu mwaka 1994, serikali ya Rais Clinton ilipozuia silaha na risasi za China, bunduki za rifle kutoka huko haziingizwi kwa soko la raia. Shotgun za michezo ziliachwa nje ya katazo hilo. Usidanganywe na hoja ya vipuri. Ipo kanuni ya Marekani inayohesabu vipuri vya kigeni ndani ya bunduki ya nusu otomatiki na kuweka kikomo cha 10 kutoka orodha ya vipuri 20, lakini kufunga kitako na triga za Kimarekani hakuifuti China kama nchi ya asili.

Uingereza nayo ilipiga marufuku rifle za nusu otomatiki mwaka 1988, isipokuwa zile ndogo za .22 ambazo risasi yake hugongwa ukingoni. Katika Umoja wa Ulaya, bunduki ndefu ya nusu otomatiki inayotumia risasi za kugongwa katikati huingia kundi A, lile la marufuku, mara inapowekewa magazini ya zaidi ya risasi 10. Otomatiki iliyogeuzwa kuwa nusu otomatiki iko kundi hilohilo hata magazini yake ikiwa ndogo. Ruhusa maalumu zipo, zikiwamo za wapiga shabaha wa mashindano, lakini ziombe kabla ya kutafuta muuzaji.

Na kama unaishi ughaibuni ukiwaza kurudi nyumbani na bunduki yako, soma Itifaki ya Nairobi iliyosainiwa tarehe 21 Aprili 2004. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kuwazuia raia kabisa kumiliki rifle za otomatiki na za nusu otomatiki. Bunduki uliyoimiliki kihalali Edmonton, Kanada, isipakiwe kwenye kontena la Mombasa wala la Dar es Salaam.

2. Uliza ilizaliwa ikiwa nini

Kanada ina madaraja matatu: bunduki isiyo na vizuizi, yenye vizuizi, na marufuku. Otomatiki iko daraja la tatu. Mtu atasema, “Yangu inatoa risasi moja moja, basi nimesalimika.” Bado.

Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Hasselwander, iliyohusu Mini-Uzi. Majaji walisema kwamba bunduki inayoweza kugeuzwa kuwa otomatiki kwa urahisi na kwa muda mfupi, ihesabiwe kuwa otomatiki. Maneno hayo yanaigusa moja kwa moja bunduki yoyote iliyotoholewa kutoka silaha ya jeshi. Mafundi wa serikali wataifungua waone kama bodi yake, yaani chuma kinachobeba namba ya bunduki, ilitengenezwa upya kwa ajili ya nusu otomatiki, au ni bodi ya jeshi iliyoondolewa kipuri kimoja tu. Bunduki mbili zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa daraja.

Kwa hiyo mwombe muuzaji maelezo ya kiwandani kwa maandishi: bodi hii imetengenezwa kwa nusu otomatiki tangu mwanzo? Mafundi wa polisi wa kitaifa, RCMP, wameshaikagua aina hii hasa? Akijibu kwa kusema “kila mtu anazo”, funga mazungumzo.

3. Pima mwenyewe

Kwa rifle ya nusu otomatiki ya risasi za kugongwa katikati, Kanada inataka mtutu usiopungua milimita 470, la sivyo bunduki inaangukia daraja la vizuizi. Mtutu wa QBZ-95 ya kawaida una milimita 463. Milimita saba, pungufu ya upana wa kidole, ndizo zinazoamua kama utahitaji leseni ya juu zaidi, usajili, na kibali cha kuisafirisha mpaka uwanjani. Ndiyo maana bunduki ya soko la raia huhitaji mtutu mrefu kuliko wa mwanajeshi.

Namna ya kupima nayo ni sheria. Kanada hupima kutoka mdomo wa mtutu hadi mwisho wa chemba, chemba ikiwamo. Kifaa cha kuficha mwale au kupunguza msukumo hakihesabiwi. Marekani, ambako kikomo cha mtutu wa rifle ni inchi 16, kifaa hicho huhesabiwa kikiwa kimechomelewa moja kwa moja. Vipimo vya muuzaji wa Marekani basi visikupe usingizi ukiwa Kanada.

Pima na urefu wote. Hapa bulpapu ina nafuu: kitako chake hakikunjwi, na QBZ-95 yenye milimita 745 iko juu ya kikomo cha Kanada cha milimita 660. Lakini California, ambako rifle ya aina hii isiyofika inchi 30 huhesabiwa kuwa silaha ya kivita, milimita 745 hazifiki inchi 29 na nusu. Bunduki ileile, futi ileile, majibu mawili.

Ukishaimiliki, usikate mtutu. Kanada, rifle iliyokatwa mpaka mtutu ukashuka chini ya milimita 457 huwa marufuku, hata kama ilinunuliwa ikiwa halali.

4. Tenganisha bunduki, magazini na kitako

Vitu vitatu vinaweza kuja katika boksi moja, kila kimoja na sheria yake.

Magazini ya rifle ya nusu otomatiki ya risasi za kugongwa katikati inaruhusiwa risasi tano Kanada. Ya jeshi ina 30. Iliyozidi tano ni kifaa marufuku hata ikiwa tupu na bunduki yenyewe ikiwa safi. Ribiti inayoizuia iwe imefungwa kabla boksi halijafika mpakani. Kusema utaifunga nyumbani hakumsaidii mtu mbele ya afisa wa forodha.

Kitako ndipo wanapojikwaa wenye bunduki za kawaida. Kanuni za Kanada zinakitaja kitako cha bulpapu kuwa kifaa marufuku: kile kinachoifupisha bunduki kwa kupeleka sehemu kubwa ya mitambo ya kupakia, au tundu la magazini, nyuma ya triga. Bunduki iliyosanifiwa bulpapu tangu kiwandani haina kitako cha kuvua na kuvika, hivyo hutazamwa kivyake. Lakini ukichukua rifle ya SKS ya Kichina, ambayo wawindaji wengi wa Kanada wanaijua, ukaiingiza kwenye kitako cha bulpapu kilichoagizwa mtandaoni, umeleta nyumbani kifaa marufuku. Kitako hicho kinaweza kukunasa kikiwa bado kwenye plastiki yake.

5. Tafuta jina kamili, leo

“Type 97” ni jina la ukoo. Unalotaka ni jina la mtoto: mtengenezaji, modeli, herufi za mwisho, aina ya risasi, urefu wa mtutu. Liweke kwenye Jedwali la Rejea la Silaha la RCMP, linalojulikana kwa kifupi FRT, ambalo umma unaweza kulisoma. Kila aina ina namba yake ya rejea. Namba hiyo iwe ileile kwenye tangazo la muuzaji, kwenye ankara na kwenye fomu ya forodha.

Kumbuka FRT ni maoni ya wataalamu. Sheria yenyewe ni Kanuni ya Jinai na amri za serikali. Na amri hizo zinatembea. Tarehe 1 Mei 2020 serikali ilipiga marufuku aina zinazokadiriwa 1,500, ikaongeza orodha tarehe 5 Desemba 2024, ikaongeza tena tarehe 7 Machi 2025. Sheria ya C-21 nayo imeziweka kwenye marufuku rifle za nusu otomatiki zilizosanifiwa na kutengenezwa kuanzia tarehe 15 Desemba 2023, ikiwa zinatumia risasi za kugongwa katikati na zilisanifiwa kwa magazini ya kuchomoa yenye risasi sita au zaidi. Ushuhuda wa rafiki aliyenunua ya kwake mwaka 2015 ni hadithi nzuri, haukupi haki yoyote leo. Angalia orodha asubuhi ya siku ya kulipa, kisha uichape ukurasa huo pamoja na tarehe yake.

6. Mwachie mwagizaji mwenye leseni kazi ya mpaka

Silaha kutoka China haisafiri kama simu. Nchi inayouza hutaka uthibitisho wa mpokeaji, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Kanada hutoa cheti cha kimataifa cha uingizaji kwa ajili hiyo. Kampuni yenye leseni ya biashara ya silaha imezoea njia hii. Mtu mmoja mwenye boksi moja atachoka njiani. Wewe utahitaji leseni yako ya kumiliki, inayopatikana baada ya kozi ya usalama na kuhuishwa kila miaka mitano. Tangu tarehe 18 Mei 2022, hata bunduki isiyo na vizuizi haihami mikono Kanada kabla muuzaji hajapata namba ya rejea inayothibitisha kwamba leseni yako ni hai.

Kwenye mkataba, dai sentensi moja: daraja likibadilika au forodha ikizuia mzigo kabla haujakabidhiwa, fedha zinarudi, na iandikwe ni ndani ya siku ngapi. Muuzaji anayejiamini ataisaini.

7. Fungua faili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Faili la bunduki hii liwe na ukurasa wa FRT wenye tarehe, maelezo ya bodi kutoka kiwandani, ankara, karatasi ya forodha, namba ya uhamisho, picha ya mtutu ukiwa juu ya futi, na picha ya ribiti ya magazini. Weka nakala nje ya nyumba.

Afisa atakayegonga mlango wako miaka mitano ijayo huenda hajawahi kuiona bulpapu. Ataikuta bunduki yenye sura ya jeshi, na faili. Bunduki haiwezi kumweleza ilizaliwa ikiwa nini, ndiyo maana faili lazima liseme kwa niaba yake. Kama leo huwezi kulijaza faili hilo, bado hujawa tayari kuinunua, hata bei ikiwa nzuri namna gani.