Somo: Munganga wa Mifugo Afike Kijijini

Labda mtauliza: Kwa nini kitabu cha hospitali kinafundisha habari za mbuzi na kuku? Sisi tumekuja kutafuta dawa ya watu.

Jibu ni hili. Katika vijiji vyetu vya Ituri na Kivu, mbuzi ni sanduku la feza. Mtoto akiugua usiku, baba anauza mbuzi asubuhi. Mama akipaswa kupasuliwa ili mtoto azaliwe, jamaa wanauza ngombe au nguruwe. Kuku wananunua chumvi, sabuni na daftari za shule. Basi, mbuzi wote wakifa katika juma moja, mgonjwa anabaki nyumbani. Anangoja. Mwisho anafika hospitalini akiwa amechelewa. Kwa njia hiyo ugonjwa wa mbuzi unaweza kuua mtu, hata kama ugonjwa ule hauingii katika mwili wa mtu.

Tena yako magonjwa mengine yanayotoka kwa mifugo na kuingia katika watu. Tutayaona mbele katika somo hili.

1. MAGONJWA YANAYOMALIZA MIFUGO YETU

Mbuzi na kondoo. Ugonjwa mkubwa ni sotoka ya mbuzi. Mnyama ana homa, anatoa makamasi na machozi mazito, ana vidonda mdomoni, anahara na kukohoa. Wengi wanakufa kwa siku chache, zaidi wale wachanga. Mwaka 2012 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lilionya kwamba ugonjwa huu unatisha mbuzi na kondoo wengi sana katika Kongo. Hakuna dawa ya kuua kidudu chake, lakini iko chanjo. Sindano moja inalinda mbuzi kwa miaka 3 au zaidi.

Kuku. Mtu analala na kuku 20, na baada ya siku chache hana hata 3. Kuku wanasinzia, wanahara maji ya kijani, shingo inapinda. Huu ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine wanauita mdondo. Dawa ya kuponya hakuna, lakini chanjo iko. Chanjo moja, inayoitwa I-2, inatiwa tone moja katika jicho moja la kuku. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, kwa hiyo imesaidia sana vijiji vya Msumbiji na Tanzania. Inapasa kurudia kila miezi 3 au 4.

Nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika inaua karibu wote. Dawa hakuna, na katika vijiji vyetu chanjo yake hakuna. Kinga ni mikono yetu wenyewe: kufunga nguruwe katika zizi, kupika mabaki ya chakula kabla ya kuwapa, na kutouza nguruwe wala nyama yake wakati ugonjwa uko kijijini. Yule anayekimbia kuuza nguruwe mgonjwa sokoni anapeleka kifo katika vijiji vingine kumi.

Ngombe. Kupe wanaleta ndigana kali. Tezi chini ya sikio zinavimba, homa inapanda, ngombe anapumua kwa shida. Dawa iko, lakini ni ya bei kubwa, na inafaa ikitolewa mapema. Ni rahisi zaidi kuosha ngombe kwa dawa ya kupe kwa siku zilizopangwa.

Mmeona sasa? Katika magonjwa haya makubwa, kuzuia kunashinda kuponya. Lakini nani atakuja kuzuia?

2. KWA NINI MUNGANGA WA MIFUGO HAFIKI KWETU?

Watu wanasema: "Serikali imetusahau." Ni kweli kwamba wanganga wa mifugo ni wachache, barabara ni mbaya, na vita na wizi wa ngombe vimefukuza wengi. Lakini iko sababu nyingine, na hiyo tunaweza kuiondoa sisi wenyewe. Sikilizeni hesabu hii.

Chanjo ya sotoka ya mbuzi inakuja katika chupa ya mbuzi 50 au 100. Ni unga mkavu. Munganga akiisha kuichanganya na maji yake, inapasa kutumika kwa saa chache tu, katika kivuli na baridi. Inayobaki inatupwa. Sasa mzee mmoja ana mbuzi 5. Akimwita munganga peke yake, atafungua chupa ya mbuzi 100, atachoma 5, na dawa ya mbuzi 95 itamwagwa. Tena pikipiki inakula mafuta yale yale kwa mbuzi 5 kama kwa mbuzi 100. Nani atalipa? Mzee hawezi. Munganga naye hawezi. Basi haji.

Lakini watu 20 wenye mbuzi 5 kila mmoja wakikusanyika siku moja, mbuzi ni 100. Chupa inakwisha yote. Gharama ya safari inagawanywa mara 20. Jambo lililokuwa gumu kwa mtu mmoja limekuwa jepesi kwa kijiji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haitaki feza. Inataka mapatano.

3. MSAIDIZI WA MIFUGO

Hata kijiji kikipatana, munganga hawezi kukaa kila mahali. Lakini kijiji kinaweza kuwa na msaidizi wa mifugo, kama vile vijiji vingi vilivyo na msaidizi wa afya wa watu.

Njia hii imekwisha kupimwa. Zamani ngombe wa Afrika waliuawa na sotoka kubwa. Iliingia pande za Eritrea karibu na mwaka 1887, ikashuka mpaka kusini mwa bara, na ngombe na nyati wengi sana wakafa. Watu wakafuata kwa njaa. Baadaye chanjo nzuri ilipatikana, lakini kwa miaka mingi haikuweza kufika pahali pa vita na jangwa, kwa sababu iliharibika kwa joto. Ndipo chanjo inayovumilia joto ikatengenezwa. Katika miaka ya 1990, kwa Waafar wa Ethiopia na katika Sudani ya kusini, wafugaji wenyewe walichaguliwa na watu wao, wakafundishwa, wakapewa chanjo ile, wakaenda kwa miguu pahali ambapo gari halikufika. Ugonjwa ulionekana mara ya mwisho mwaka 2001, katika nyati wa Kenya. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka ya ngombe imekwisha duniani. Sasa mataifa yanataka kumaliza sotoka ya mbuzi pia, na yameweka mwaka 2030 kuwa mwisho wa kazi hiyo.

Angalieni: wale walioifikisha chanjo pahali pagumu walikuwa wafugaji, si watu wa vyeo.

Msaidizi anafanya kazi gani? Anatia chanjo ya kuku. Anatoa dawa ya minyoo. Anafundisha kuosha kupe. Anafunga vidonda. Anaandika katika daftari wanyama waliougua na waliokufa. Anapeleka habari kwa munganga upesi anapoona wengi wanakufa pamoja. Hafanyi kazi inayopita mafundisho yake. Yeye si munganga. Ni macho na mikono ya munganga katika kijiji.

4. KIJIJI KIFANYE NINI?

Kwanza, wafugaji wakutane pamoja na chefu na wazee. Waandike hesabu ya kweli: nyumba ngapi, mbuzi wangapi, kuku wangapi, ngombe wangapi, mbwa wangapi. Mtu asifiche mifugo yake kwa kuogopa kodi au wivu. Hesabu ya uongo inaleta chanjo isiyotosha.

Pili, wachague mtu wa kufundishwa. Awe mfugaji mwenyewe, ajue kusoma na kuandika, awe na nyumba na shamba hapa, asiwe mlevi. Mara nyingi vijana wakiisha kufundishwa wanakimbilia mjini. Msisahau wamama, kwa maana katika nyumba nyingi kuku ni wa mama, na mama atamwita mama mwenzake bila haya.

Tatu, wapeleke habari kwa munganga wa mifugo wa Serikali, yule anayeitwa veterineri. Yeye ndiye atafundisha msaidizi na kumsimamia. Msaidizi asiye na msimamizi anageuka kuwa muuza dawa tu.

Nne, wapatane juu ya malipo. Kazi ya bure inakufa baada ya miezi michache. Kila mtu alipe kidogo kwa kila mnyama, na bei iandikwe pahali pa wote kuiona. Na mjane mwenye kuku wawili asiachwe. Kuku wake wakikosa chanjo, ugonjwa utapata mlango wa kuingia katika kijiji.

Tano, wapange siku ya chanjo katika mwaka. Itangazwe sokoni, shuleni na baada ya ibada ya Siku ya Mungu. Wafanye kazi asubuhi na mapema, katika kivuli. Chanjo ya sotoka ikae katika sanduku la barafu. Kama zahanati ina frigo ya chanjo za watoto, msiweke chanjo za mifugo ndani yake.

5. MANENO YA MZEE NA MSAIDIZI

Mzee: Mwanangu, mbuzi wangu ni wazima. Kwa nini unataka kuwachoma?

Msaidizi: Ndiyo, baba, ni kwa sababu ni wazima. Chanjo ni ya mnyama mzima. Ikiingia katika mgonjwa, imechelewa.

Mzee: Lakini mwaka uliopita jirani alichoma mbuzi wake, na watatu walikufa.

Msaidizi: Pole, baba. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia katika zizi lake. Wale watatu walikuwa nao ndani ya mwili kabla ya sindano. Chanjo inahitaji siku kama 14 ili mwili upate nguvu. Kwa hiyo tunakuja sasa, wakati hakuna ugonjwa.

Mzee: Na kama mimi nikikataa, hayo si mambo yangu tu?

Msaidizi: Hapana, baba. Mbuzi wako na wa mjukuu wako wanakunywa katika kijito kimoja.

6. DAWA ZA SOKONI

Wengi wananunua dawa kwa mtu anayetembea na begi. Hatujui ilitoka wapi wala ilikaa kwenye jua siku ngapi. Tena watu wanatoa nusu ya kipimo ili dawa idumu. Nusu ya kipimo haiui vidudu vyote. Vinavyobaki vinazoea dawa, na kesho dawa ile haifai tena kwa ngombe, wala nyingine za jamii yake kwa watoto wetu.

Mnyama akipewa dawa, soma karatasi yake au muulize munganga: ni siku ngapi tusinywe maziwa yake wala tusile nyama yake? Msivunje siku hizo.

7. MAGONJWA YANAYOPITA KWA WATU

Kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na mbwa, oshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbie hospitalini apate chanjo. Asingoje kuona dalili. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Kinga kubwa ni chanjo ya mbwa: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa unakosa njia.

Kimeta. Mnyama anakufa gafula, na damu isiyoganda inatoka puani au nyuma. Msimpasue, msimchune, msimle. Mwiteni munganga. Azikwe ndani sana au achomwe moto. Vidudu vyake vinakaa katika udongo miaka makumi mengi. Mwezi wa 4 wa mwaka 2025 viboko karibu 50 walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Virunga, upande wa mto Ishasha. Mtu aliyegusa mzoga na kupata kidonda chenye ganda jeusi aje hospitalini upesi. Dawa iko, na inaponya ikiwahi.

Ugonjwa wa kutupa mimba, unaoitwa brusela. Ngombe au mbuzi anatupa mimba. Mtu anayekunywa maziwa mabichi au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu anapata homa inayokwenda na kurudi, na maumivu ya viungo. Chemsheni maziwa yote. Zikeni kondo la nyuma, na mikono ioshwe kwa sabuni.

MAULIZO

1. Kwa nini mbuzi wakifa, mgonjwa anachelewa kufika hospitalini?
2. Kwa nini mtu mwenye mbuzi 5 asimwite munganga peke yake kwa chanjo?
3. Chanjo inatolewa kwa mnyama mgonjwa au mzima? Kwa sababu gani?
4. Taja kazi nne za msaidizi wa mifugo, na jambo moja asilopaswa kufanya.
5. Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini kwanza? Halafu nini?
6. Katika kijiji chako, iko mifugo mingapi? Kama hujui, nani atakusaidia kuihesabu juma hili?

Jibu la ulizo la 6 liandikwe katika daftari. Ukiruka nyumbani kutoka hospitalini, mpe chefu daftari hilo. Mwanzo wa kazi ya munganga wa mifugo katika kijiji chako ni karatasi hiyo.