Kiti Mezani pa Mfalme
Somo: 2 Samweli 9:1-13

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nilizoea kujipima kwa hesabu: mali, toa madeni. Biashara yangu ilipoanguka na jina langu likapelekwa CRB, nilijiona bure kabisa. Nikawa nakuja kanisani nimechelewa, nakaa karibu na mlango, natoka kabla ya baraka ili nisisalimiwe.

Ndipo nikasoma habari za Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, kiwete, aliyekaa Lo-debari. Mbele ya Daudi alijilinganisha na mbwa aliyekufa. Mfalme hakubishana naye. Alimrudishia mashamba ya babu yake na kumpa nafasi mezani, kwa ajili ya Yonathani baba yake.

Angalia mstari wa 13. Alikula mezani pa mfalme siku zote, na bado alikuwa kiwete miguu yote miwili. Si ati miguu ilipona kwanza ndio akaitwa.

Deni langu nililipa polepole. Lakini kiti nilipewa kabla ya shilingi ya kwanza, kwa ajili ya Yesu.

Wewe unayekaa karibu na mlango, Jumapili hii songa mbele. Na usiondoke kabla sijakusalimia.